Nyumba za mapumziko Dodoma kwa Diwali: kagua tangi na jiko kabla ya sebule

Nyumba nyingi za kupangisha kwa siku jijini Dodoma zimeandaliwa kwa mgeni wa kikazi: mbunge, ofisa wa wizara, mtu wa semina. Zina vyumba vitatu au vinne, kila kimoja na choo chake, televisheni pana sebuleni, na jiko la kuchemshia chai na kukaangia mayai. Familia ya Kihindu ya watu 14 inayotoka Dar es Salaam kuja kula Diwali, sikukuu yao ya taa, kwa utulivu huitumia nyumba kwa namna nyingine kabisa. Inapika tangu alfajiri, inaoga yote kwa mkupuo, inawasha taa za mafuta barazani usiku, na bibi mwenye maumivu ya magoti yumo humohumo pamoja na wajukuu. Kwa hiyo nyumba inayosifiwa na wageni wa kikazi inaweza kuwa adha tupu wakati wa sikukuu, na nyumba ya kawaida ya Nzuguni, yenye makochi ya zamani, ikawa ndiyo yenyewe.

Tumezigawa nyumba hizi katika mafungu matatu, na alama tunatoa kwa sikukuu tu, si kwa matumizi mengine.

Za mjini na mitaa ya jirani, yaani Area C, Area D, Kisasa na Ilazo: alama 2.5 kati ya 5. Soko la Majengo liko karibu na usafiri hausumbui. Lakini nyingi ni apatimenti au nyumba zilizobanana, uwanja ni wa kuegesha magari mawili, na moshi wa karai unaingia dirishani kwa jirani. Kuna pia suala la Bunge. Mkutano wa Novemba mara nyingi huangukia kipindi kilekile cha Diwali, na Bunge likikaa, nyumba za upande huu hujaa na bei hupanda. Mwenye nyumba aliyezoea kupangisha kwa wiki mbili mfululizo hana sababu ya kukupunguzia usiku nne.

Za pembezoni zenye ukuta na uwanja, upande wa Iyumbu, Nzuguni, Msalato na Ihumwa: alama 4. Hapa ndipo pa kutafutia. Zina nafasi, zina banda la nyuma linaloweza kugeuzwa jiko la nje, na jirani yuko mbali kiasi. Alama moja tumeikata kwa sababu ya maji, kama tutakavyoeleza.

Za nje kabisa, upande wa Hombolo kwenye mashamba ya zabibu na bwawa, kama kilometa 40 kutoka mjini: alama 3. Ni chache, lakini kwa utulivu hakuna zinazozishinda. Diwali huangukia usiku usio na mwezi, na huko giza ni giza kweli, kila taa inaonekana. Tatizo ni kwamba ukisahau iliki au kiberiti, safari ya dukani inakula nusu ya siku. Bwawa nalo ni la kutazama. Kichocho ni hatari ya kweli kwenye maji yaliyotuama ya kanda hii, kwa hiyo watoto wasiingie hata kwa dakika tano. Halafu anayetaka kuwaonyesha wazee zabibu mbichi shambani ajue kuwa mavuno makubwa ya Dodoma ni ya Februari hadi Machi na ya Agosti hadi Septemba. Novemba atakuta majani.

Kabla ya kuchagua nyumba, hesabu siku. Mwaka 2026 Diwali yenyewe ni Jumapili, 8 Novemba. Dhanteras, siku inayofungua sikukuu, ni Ijumaa ya tarehe 6. Wengi watadhani mwaka mpya wa Kigujarati unafuata Jumatatu, lakini mwaka huo kuna siku tupu katikati: tarehe ya mwezi mwandamo inachelewa kubadilika, hivyo Bestu Varas, ndio huo mwaka mpya, inaangukia Jumanne tarehe 10 na Bhai Bij, siku ya kaka na dada, Jumatano tarehe 11. Familia itakayolipia hadi Jumatatu asubuhi itajikuta inafungasha mizigo bila kusalimiana mwaka mpya. Kwa kuwa Diwali si sikukuu ya kitaifa Tanzania, wenye kazi na watoto wa shule huondoka Jumapili usiku au Jumatatu, na wazee hubaki. Mpange mapema na mwenye nyumba: nyumba nzima kwa usiku tatu, kisha vyumba viwili kwa usiku mbili zaidi. Wengine hukubali, kwa sababu katikati ya wiki mteja mwingine si rahisi kumpata.

Jambo lingine dogo la saa. Ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, hufanywa baada ya jua kuzama, na Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Novemba jua la Dodoma linazama karibu saa 12:30 jioni, la Dar kama robo saa kabla. Ratiba ya muda mwema iliyotumwa kwenye simu na jamaa wa Dar isogezwe ipasavyo.

Sasa maji. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na ni maji magumu yenye ladha ya chumvi. Pia huja kwa mgao, hasa pembezoni, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mwisho ya kiangazi. Hesabu yake ni hii: mtu mmoja kwenye nyumba inayopika na kuosha vyombo siku nzima hutumia lita 80 hivi kwa siku. Watu 14 kwa siku nne ni lita 4,480. Tangi la lita 1,000 lililo juu ya mnara, ambalo linamtosha mgeni wa kikazi wiki nzima, nyinyi mtalimaliza kabla ya siku ya kwanza kuisha. Tafuta nyumba yenye lita 5,000, au 2,000 na makubaliano ya maandishi kwamba bowza italetwa na ni nani anayelipa.

Wingi hautoshi kama msukumo ni mdogo. Asubuhi ya Kali Chaudas, siku inayotangulia Diwali, kuna familia zinazoamka kabla ya mapambazuko, zinajipaka mafuta na kuoga wote. Vyoo vinne vikifunguliwa pamoja, chumba cha juu hakipati kitu isipokuwa kuna pampu. Na pampu hiyo inataka umeme, kwa hiyo uliza kama jenereta au inveta inaihudumia au inahudumia taa tu. Mara nyingi ni taa tu.

Ugumu wa maji unaonekana zaidi jikoni. Dengu nzima, njegere kavu na maharage mekundu hugoma kulainika, kwa sababu chumvichumvi za maji hukaza ganda lake. Loweka usiku kucha kwa maji ya kunywa ya chupa kubwa, au tia magadi kidogo, yale yanayotumika kwenye makande: nusu kijiko cha chai kwa kilo inatosha, yakizidi ladha inakuwa ya sabuni. Kuna na sababu ya pili, mwinuko. Dodoma iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwenye sufuria ya kawaida dali inachelewa. Sufuria ya presha ni lazima, nayo iongezewe filimbi moja au mbili kuliko ilivyozoeleka Dar. Shira ya vitamu kama gulab jamun au kaju katli isipimwe kwa kipimajoto cha mazoea ya pwani, maana itapita kiwango na kuwa ngumu. Ipimwe kwa vidole mpaka ivute uzi mmoja.

Hewa kavu, kwa upande mwingine, ni zawadi. Chevdo, chakri na mathia, vitafunwa vikavu vya kukaanga, ambazo Dar zinalegea bakuli likiachwa wazi, Dodoma hubaki zikikatika vizuri. Ila unga uliokandwa nao unakauka upesi. Kitambaa kibichi kisitoke juu ya madonge, la sivyo mathia itapasuka ukingoni inaposukumwa.

Jiko lenyewe ndilo linalotenganisha nyumba nzuri na mbaya. Picha za tangazo zitaonyesha jiko la gesi la kioo la mafiga mawili. Karai la kukaangia puri za watu 14 ni pana kuliko figa hilo, joto linarudi chini kwenye kioo, na kioo kinaweza kupasuka mafuta yakiwa juu yake. Uliza kama kuna jiko la chuma la chini, lile la wapishi wa shughuli, na mahali pa kuliweka nje penye kivuli na ukuta wa kukinga upepo. Kama halipo, kodi moja mjini. Kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6 kisibebeshwe karai la mafuta hata siku moja, kwa kuwa kinayumba. Mtungi wa kilo 15 na mpira wake ndio unaofaa. Kwa mafiga mawili yanayowaka saa tano kwa siku, kilo 2 hivi za gesi zinaondoka kila siku, na mtungi wa kilo 6 utaisha siku ya tatu, ambayo kwa ratiba ya juu ndiyo Diwali yenyewe. Kubeba regyuleta yako kutoka nyumbani si msaada mkubwa, vichwa vya mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Vyombo ni suala la imani, na wenye nyumba wengi hawalijui mpaka walielezwe. Sufuria iliyopikiwa nyama haitatumika kwa chakula cha ibada, iwe imesuguliwa namna gani. Bebeni karai, tava ya chapati, kibao na kisukumio chenu. Vikombe na sahani za kioo kwa kawaida hazina ubishi. Friji ioshwe na kuachwa tupu kabla hamjafika, na hili liandikwe kwenye ujumbe wa kuthibitisha, kwa sababu nyumba nyingi huwa na mayai na samaki wa mgeni aliyepita. Mkikodi mpishi wa hapa, mwelezeni siku moja kabla: familia za Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, hazili kitunguu wala kitunguu saumu, na Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini, huongeza viazi na karoti kwenye orodha ya visivyoliwa. Mpishi wa Dodoma huanza kila mchuzi kwa kitunguu bila hata kufikiri. Na mlinzi ana haki ya nyama yake. Ni uungwana kumpa fedha ya chakula ale nje siku hizo kuliko kumpigia marufuku.

Mahitaji mengi yanapatikana hapahapa: karanga, ufuta, viazi, bilinganya, pilipili, ndimu, nazi zinazoletwa kutoka pwani. Mafuta ya alizeti ndiyo fahari ya Dodoma na Singida, lakini yale ya kukamuliwa mashineni bila kusafishwa hutoa povu na moshi kwenye ukaangaji wa kina. Yanafaa kwa mboga. Kwa puri na bajia nunua yaliyosafishwa, lita 5 kwa siku zote, na usiyatumie zaidi ya mara tatu. Maziwa mabichi yapo, na lita 5 zinatoa jibini ya paniri kama gramu 700 kwa vijiko vinne au vitano vya chakula vya maji ya ndimu. Ikitoka pungufu sana, muuzaji aliongeza maji. Unga wa dengu, samli ya uhakika, kumkumu ya ibada, pamba ya tambi, taa za udongo na rangi za kuchorea rangoli, yaani mapambo ya sakafuni, zifungwe Dar, kwenye maduka ya Kisutu. Kwa treni ya SGR mizigo hiyo inafika vizuri kwa saa zisizofika nne, stesheni ya Samia Suluhu Hassan. Mtungi wa gesi na fataki usitarajie kupanda navyo.

Maua ni shida. Shada za maua ya manjano huletwa kutoka mbali na hunyauka siku hiyohiyo kwa joto la nyuzi 30 na zaidi. Badala yake, Dodoma ina miembe kila mtaa, na toran, yaani pambo la kuning'iniza mlangoni, ya majani ya mwembe ndiyo ya asili hata hivyo. Majani 21 kwa mlango mmoja yanatosha, yachumwe asubuhi na kulowekwa saa moja. Bogainvilia, inayopenda ukame huu, inasaidia rangi.

Upepo ndio unaowashangaza wageni. Kiangazi Dodoma huvuma kutoka mashariki, mkavu na wenye vumbi, na jioni haupungui kama watu wanavyotarajia. Taa 40 za udongo kwenye ukingo wa baraza linalotazama mashariki zitazimika ndani ya dakika chache. Hivyo chagua nyumba yenye baraza la magharibi, au weka kila taa ndani ya glasi pana au chupa ya jemu yenye mchanga sentimeta mbili chini. Taa moja inataka mafuta vijiko viwili vya chakula, ambayo huwaka saa tatu au zaidi kidogo kwa utambi mwembamba. Jumla ni kama lita 1.2 kwa usiku mmoja. Utambi mnene unatoa moshi na kumaliza mafuta haraka. Taa iwe sentimeta 30 kutoka ukutani, la sivyo gharama ya masizi itakatwa kwenye amana.

Rangoli ya unga mkavu nje itapeperuka. Ifanyeni ndani ya mlango, au kwa uji mzito wa unga wa mchele unaochorwa kwa kidole na kukauka. Kwenye sakafu ya saruji isiyopakwa kitu, rangi ya kiwandani huingia na haitoki, kwa hiyo tandaza kwanza unga mweupe au karatasi nzito. Vigae havina tatizo hilo, ila vinateleza mafuta yakimwagika.

Fataki tungeziacha. Zinahitaji kibali cha polisi, na Novemba nyasi zote za nje ya ukuta ni kavu. Cheche moja ikivuka inatosha. Watoto wapewe vijiti vya cheche vya mkononi, kwenye sakafu tupu, ndoo ya mchanga na mpira wa maji vikiwa karibu. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kwa garba, ngoma ya duara ya Kigujarati, iwe ya sikukuu ya Navaratri ya Oktoba au ya usiku wowote wa Diwali, duara la watu 20 linataka kama meta 10 kwa 10. Uwanja wa udongo wa Dodoma una mbigili, na wachezaji wako pekupeku. Ufagiwe na umwagiwe maji mchana, kisha ukaguliwe kwa tochi. Pevingi hazina miiba lakini zinachubua nyayo, na zulia la mkeka juu yake linavutika. Bora saruji laini. Mjulisheni mwenyekiti wa mtaa kabla, na saa 4 usiku spika ipunguzwe. Majirani wakipelekewa sahani ya ladu mchana, usiku huwa wavumilivu zaidi.

Umeme hauna mengi. Mkubaliane nani ananunua LUKU. Kiyoyozi kimoja cha kawaida kinakula karibu uniti moja kwa saa, lakini usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 19 hivi, kwa hiyo nyavu nzima za madirisha na feni zina maana kuliko viyoyozi vitano. Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, ni habari nyingine: ni Machi, mvua ipo, uwanja ni tope jekundu, na matumizi ya maji huongezeka maradufu siku ya rangi. Wenye nyumba wenye kuta nyeupe wengi hukataa, na hatuwalaumu.

Kabla ya kutuma amana, mtume mtu aliyepo Dodoma afike mwenyewe, wala asiridhike na video ya dalali. Apige picha sakafu, kuta za baraza na kochi. Aangalie kama kuna chumba cha chini chenye choo kisicho na ngazi kwa ajili ya wazee. Afungue friji. Halafu afungue mabomba yote ya nyumba kwa wakati mmoja, pampu ikiwa imezimwa na kisha ikiwa imewashwa, na kuyaacha kwa dakika kumi. Kama bomba la chumba cha mwisho linadondosha tu hata pampu ikiwa inanguruma, nyumba hiyo ni ya watu wanne, hata tangazo liseme kumi na sita.